Maziwa Yaliyobaki Ndani ya Pampu

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba kifaa kidogo ni kazi ndogo, naondoka kabla sijamtukana. Pampu ya kuvuta maji ya mto Tana nakutengenezea kwa nyundo na kelele. Ikivuja kidogo, nani atajali? Lakini pampu ya kusukuma maziwa hadi tumboni mwa mtoto asiyejua kunyonya, tena polepole, kijiko kwa saa nzima, hiyo ilinitoa mvi nikiwa bado kijana.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami ni fundi wa mashine katika hospitali moja mjini Garissa. Dada yangu mdogo, aliyeolewa Habaswein, aliletwa juu ya lori la mbuzi akiwa na uchungu wa mapema. Akajifungua mvulana wa kutoshea kiganjani, asiye na nguvu ya kunyonya. Walimpitishia mpira mwembamba puani mpaka tumboni, na maziwa ya mamake yakawa yanasukumwa kwa bomba la sindano. Muuguzi alikuwa mmoja na wodi imejaa. Akiharakisha, mtoto anapaliwa na kubadilika rangi. Akiitwa kwingine, mtoto anabaki na njaa. Siku moja alipaliwa hadi tukadhani amekwenda. Nikasema basi, nitatengeneza kitu cha kusukuma maziwa chenyewe, kisichoweza kuitwa kwenye kitanda kingine.

Nilichukua mota ya redio ya kaseti, gia za saa ya ukutani, na betri za tochi, kwa sababu umeme wetu ulikuja ukitaka. Moyo wa pampu ulikuwa kichumba nilichochonga kwenye plastiki, kisichozidi punje ya mahindi, chenye vali mbili za mpira, ya kuingizia na ya kutolea. Kisha mateso yakaanza. Kwenye pampu kubwa, kiputo cha hewa hupita kikaenda zake. Kwenye pampu ndogo, kiputo hukaa ndani ya vali kama mgeni aliyekuja na godoro lake, na hakuna kinachosonga. Vumbi nalo likaingia, sijui kupitia wapi. Mafuta ya maziwa yakanata kwenye vali. Nikafungua, nikaosha, nikafunga, nikalaani, nikafungua tena. Ilipokubali, mvulana alishinda kutwa nzima bila kutapika, na dada yangu akalala kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mama mkimbizi aliyeletwa kutoka kambi za Dadaab, na msichana wake alikuwa na shida ileile. Muuguzi, mwanamke wa Meru mwenye moyo mzuri, akasema tuwape zamu: mvulana akimaliza, tuoshe pampu kwa maji yaliyochemshwa, tumpe msichana. Nikaosha. Nikaijaribu juu ya bakuli. Likatoka tone jeupe.

Dada yangu aliruka kitandani kama hakujifungua juzi.

"Sista, toa hiyo bambu! Maziwa yangu imebaki ndani! Huyu msichana itakuwa dada ya mtoto yangu!"

"Kwani akiwa dada yake kuna ubaya gani?" muuguzi akauliza.

Ikabidi nimweleze. Kwetu, mtoto akinywa maziwa ya mwanamke anakuwa mwanawe wa kunyonya, na watoto wa mwanamke huyo wanakuwa ndugu zake kabisa. Hawaoani.

Muuguzi akawatazama wale viumbe wawili waliofungwa pamba, mmoja hajafungua macho. "Hawa ndio mnataka kuwaozesha?"

Niligeukia Kisomali, nikamsihi dada yangu. "Abayo, kwanza mwanao aishi."

"Akiishi ataoa, abowe. Au wewe unamtengenezea mashine ili afe?"

Nilidhani yule mama mkimbizi angenitetea, maana mwanawe ndiye aliyekuwa anasubiri kula. Wapi! Alivuta shuka juu ya msichana wake. "Nyumba nimeiacha, mifugo nimeiacha," alisema. "Nilichobaki nacho ni kumjua aliye wangu na asiye wangu. Usinichanganyie."

Nilitoka nikielekea msikitini damu ikinichemka. Nilikuwa na hakika maalim angecheka, aseme tone si kitu, niende zangu. Hakucheka. Aliniuliza maswali mengi kuliko mtahini wangu wa chuo.

"Hilo tone linafika tumboni?"

"Linafika, lakini ni tone."

"Kwetu sisi wa Shafii wingi hautazamwi. Zinatazamwa mara za kunyonya. Zikitimia tano, mbalimbali, ni ndugu."

"Lakini linapita puani, maalim, si mdomoni."

"Ni yaleyale."

"Na nikiosha?"

"Wewe ndiye fundi. Niambie wewe, linabaki au halibaki?"

"Linabaki," nikakiri. Watoto wale walikuwa wanalishwa kila baada ya saa mbili; kwa pampu yangu wangekuwa ndugu kabla ya Maghrib. Chuoni tulifundishwa msuguano, shinikizo na volti. Hakuna aliyenionya kwamba siku moja pampu yangu itafelishwa na sheria ya ndoa.

Mama wote wawili wakaikataa mashine. Tukarudi kwenye bomba la sindano, na jioni hiyohiyo mvulana akapaliwa tena. Nilimwona dada yangu akimpuliza usoni, akimwita, akinitazama mimi kama kwamba nimekaa juu ya dawa. Nilitaka kupiga ukuta. Nilitaka kumwambia, wewe ndiye uliyekataa!  Badala yake nilirudi karakana nikakitupa kile kichumba na vali zake zote.

Pampu ya pili haikuwa na chumba wala vali. Niliweka magurudumu madogo yanayozunguka na kuukamua mpira kwa nje, jinsi unavyokamua chuchu ya mbuzi, maziwa yasiguse kitu chochote isipokuwa ule mpira wenyewe. Kila mtoto na mpira wake: mmoja nikaufunga uzi mwekundu, mwingine uzi wa kijani, yote ikapita chini ya magurudumu yaleyale bila kukutana. Kwa kuchora ilipendeza. Kwa vitendo, mipira ya dripu ilikuwa migumu. Mota ikanguruma ikasimama, na ilipokubali kuzunguka, mpira ukapasuka. Nilipanda lori la maji hadi Dadaab kutafuta mpira laini kwenye stoo ya shirika moja. Mwenye stoo akanisikia "pampu" akanipeleka kwenye mashine ya kisima.

"Hii bambu mzuri sana. Inafuta maji mpaka juu ya tangi."

"Nataka mpira mwembamba kama utambi wa taa."

"Hiyo itafuta maji gani?"

"Haivuti maji! Inasukuma maziwa!"

"Ya ngamia?"

Mungu anisamehe niliyoyafikiria. Mwishowe alinikatia vipande viwili, huku akinitazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Pampu ikafanya kazi. Mama zao waliikagua mpaka wakaridhika, kila mmoja akishikilia uzi wake. Watoto wakawa wanakula pamoja, mvulana akaanza kujaa mashavu. Kisha msichana akashikwa na homa ya ghafla, na asubuhi ya pili akafariki. Haikuwa pampu. Daktari alisema hivyo, na mimi nilijua hivyo, na haikunisaidia kitu. Niliutoa mpira wa uzi wa kijani mwenyewe. Nilikasirika sana, nikaomba toba kwa kukasirika, nikakasirika tena.

Siku ambayo gari la kurudi kambini lilikuja kumchukua, yule mama alisimama kando ya kitanda cha dada yangu, buibui lake limelowa kifuani, maana maziwa hayakuwa na habari kwamba mtoto hayupo.

"Walal, ndugu yangu," aliniita, "tulipokuwa tunawalisha pamoja. Hakuna hata siku moja maziwa yangu yalipita kwa huyu? Hata kidogo?"

"Hata tone, Mama," nikasema kwa majivuno ya fundi. "Kwa mashine hii haiwezekani."

Akaitikia kwa kichwa. Akakunja shuka lake ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

Dada yangu alielewa kabla yangu. Aliuvuta taratibu mpira wa puani wa mwanawe, ambaye tangu jana alikuwa ameanza kunyonya kidole, akamnyanyua, akamweka mikononi mwa yule mwanamke. "Kaa," akamwambia.

Mvulana alihangaika, akapata, akanyonya.

Nje, dereva akapiga honi. Nikatoka na hasira zangu zote za majuma yale, nikamwambia azime injini na atafute kivuli, kwa sababu hiyo ilikuwa mara ya kwanza tu kati ya zile tano.