Salamu kwa Watu Kumi

Nilipohamia Kiwalani nikiwa kijana, kadi ya salamu za redio ilikuwa na nafasi ya majina kumi. Unayajaza, unaposti, mtangazaji anayasoma. Nilihesabu watu niliowafahamu mjini, nikarudia: wanne, mwenye nyumba akiwemo, naye jina langu alikuwa halijui. Nafasi sita zilizobaki niliwapa watu niliokuwa nawasikia wakisalimiwa kila wiki. Vijana wengi tulifanya hivyo. Ukimsalimia mtu mara tatu asikurudishie, alihesabika anaringa.

Mmoja wa hao sita alikuwa kijana wa Vingunguti, maarufu, anasalimiwa mpaka kutoka Kigoma. Akanirudishia. Niliposikia jina langu nilizima redio, lisije likafunikwa na la mwingine. Jumamosi nikatembea kwenda kumtafuta, maana kwa hesabu yangu sasa nilikuwa na rafiki.

Nilimkuta chumbani peke yake, kadi zimejaa kitandani.

“Kumbe ndiyo wewe?” akasema. “Nilidhani mtu mzima.”

“Mie nilidhani nitakuta watu.”

“Watu wapo.” Akaelekeza kidole kwenye redio. “Kaa basi, kipindi kinaanza.”

Tukasikiliza hadi mwisho. Wakati wa kuaga nikamwambia karibu Kiwalani, nipo kila Jumapili.

“Mbali, braza. Nitakutumia salamu.”

Alituma kweli. Nilikuwa wa saba kati ya kumi. Jumapili hiyo nikakaa nyumbani, nikanunua kadi nyingine, nikamrudishia.