Mkate Nilioufanya Gurudumu

Juzi redio ilisema kalachi, mkate wa Warusi wenye tundu, ulipata jina lake kutoka neno lao la kale la gurudumu. Niliizima kwa hasira, maana aibu ilinirudia.

Nikiwa msichana mdogo, jioni moja ya Ramadhani pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, jirani yetu Mama Zuhura alinituma nimpelekee mumewe, dereva, mkate wa kufuturu kwenye foleni ya malori. Ulikuwa na tundu katikati, ukinukia iliki. Nikauendesha barabarani kwa kijiti kama ringi ya baiskeli, mpaka ukaanguka kwenye grisi na mchanga.

Nilipomfikia, mzee yule dereva aliupangusa. "Mama," akanitania, "umeniletea spea ya lori?" Akacheka, akaumega.

Nilidhani amefurahi. Kumbe hakuwa amekula tangu alfajiri, na alitafuna mchanga ule ili mkewe asijue, nisije nikachapwa.