Chumba cha Ng'ambo ya Uchochoro

Redio ilitangaza baada ya sala ya adhuhuri: mvua kubwa, upepo mkali na radi, Unguja na Pemba, kuanzia alasiri hadi kesho yake. Nilikuwa nakunja nguo. Bibi yangu mzaa mama, ambaye kwa kawaida huibishia redio, safari hii aliniita.

"Naam, Bibi."

"Umesikia? Kamwambie fundi aondoke pale."

Fundi alikuwa jirani yetu, akishona kanzu kwenye baraza ya nyumba inayotukabili, hapa Mji Mkongwe. Nyumba ile ya mawe ilihamwa kabla sijazaliwa. Ukuta wake wa mbele ulikuwa umefura kuelekea uchochoroni, na sisi tulishauzoea, tukipita chini yake kila siku bila hata kuinua macho.

Nikashuka. Jua lilikuwa likiwaka.

"Nshasikia," alisema fundi. "Lakini hebu tazama juu. Wingu liko wapi?"

Bibi akachungulia dirishani. Fundi akasimama haraka. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Lete cherehani yako huku kwetu. Nnakwambia sasa hivi!"

Hakuthubutu kubisha. Tukaibeba wawili mpaka ukumbini kwetu, yeye akicheka, mimi nikiona haya kidogo kwa kumsumbua mtu na kazi yake.

Alasiri mbingu iligeuka. Kwanza kunguru walinyamaza, wote kwa pamoja. Kisha rangi ikabadilika, si nyeusi, ni kama kijani cha chupa, na uchochoro ukaingia giza hata taa za maduka zikawashwa. Upepo ulipofika, mabati ya paa fulani yalipita juu yetu yakipiga kelele. Halafu mvua. Sijapata kuona mvua ya namna ile. Haikuwa matone, ilikuwa maji yaliyosimama wima kati yetu na nyumba ya pili, na chini, palipokuwa njia, mto ulikimbia ukibeba ndoo, viatu, na kiti kizima.

Tulikuwa watatu ukumbini juu, mbali na madirisha, tuliposikia mngurumo. Nilidhani ni radi. Sakafu ilitetemeka, na vumbi likaingia ndani pamoja na mvua.

"Ya Rabbi," fundi alisema. Alikuwa ameshika cherehani yake kwa mikono miwili.

Nilikwenda dirishani. Ukuta ule haukuwepo. Baraza ilikuwa chini ya kifusi. Na mbele yangu, wazi kama pazia lililovutwa, kilikuwapo chumba ambacho sikuwahi kujua kuwa kipo: ukuta wa nyuma wote wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu, safu juu ya safu, zimenakshiwa kwa chokaa nyeupe, na ndani yake rangi ya buluu ingali mbichi. Radi ilipiga, na kila kidaka kikang'aa.

Bibi alikuja, akashika bega langu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Nilisoma msahafu chumba kile," alisema. "Tulikaa chini ya zidaka zile, watoto wengi. Nilidhani zilishapotea, na watu wake, na kila kitu."

Hakuna aliyeumia mtaani kwetu siku ile. Mvua haikukatika hata baada ya Magharibi. Fundi alilala kwetu, na Bibi akaomba kiti chake kisogezwe mlangoni mwa chumba cha mbele, aone. Tulikaa naye. Kila umeme ulipomulika, buluu ile ilitutazama.