Ndoo Tatu za Barafu Juu ya Tanuri la Ami Nasor

Nikwambieni ukweli, mpaka leo nikipita njia ya shamba la Ami Nasor hapa Ibra na nikaona wanaume wamekaa barazani, huwa natoa simu najifanya nazungumza, maana najua mmoja wao ataniuliza kama barafu imeshayeyuka, na wenzake watacheka mpaka wapaliwe na kahawa, na aibu ile sikuletewa na mtu, nilijitafutia mwenyewe kwa mikono yangu hii miwili.

Idi ya mwaka ule iliangukia mwisho wa baridi, wakati watu tushaanza kuwasha viyoyozi na hakuna aliyekuwa na habari ya mvua. Sikukuu mosi jioni tukatia shuwa tanurini. (Kwa asiyejua: nyama inapakwa bizari, thomu na siki, inafungwa kwa majani ya mgomba, inatiwa kwenye mfuko wa ukili, inashushwa kwenye shimo la makaa, shimo linafunikwa bati zito na kuzibwa kwa udongo, halafu mnaliacha mpaka siku ya tatu. Hewa ikipenya makaa yanawaka upya na nyama yote inakuwa majivu. Ndiyo elimu yenyewe, haina zaidi, na mimi ikanishinda.) Tanuri ni la Ami Nasor, jirani yangu, lakini tunalitumia nyumba saba, kila nyumba na mfuko wake na alama yake.

Sasa sisi wa kutoka Unguja hapa tunataniwa, ati tunajua pilau na mkate wa kumimina, shuwa si yetu, na miaka yote kazi yangu mimi ilikuwa kubeba kuni. Mwaka ule Ami Nasor, ambaye naye kazaliwa Unguja ila karudi huku kwao akiwa mdogo na hakuna wa kuthubutu kumtania, akawaambia watu waniachie mimi nilizibe tanuri na nililinde, mimi ni mwanawe, yeye ananidhamini. Nilifurahi, jamani, ungedhani nimepewa uwaziri. Na alinidhamini katika mwaka mgumu, maana siku ya tatu alikuwa na wageni, wakwe wa binti yake kutoka Nizwa, mara yao ya kwanza kula kwake, na watu wa Nizwa kwenye mambo ya shuwa hawana simile.

Siku ya pili mchana nikaenda kulitazama tanuri, nikawachukua na wanangu, Rayya wa miaka sita na Hamed wa minne, nguo za Idi wanazo mwilini. Hatujakaa, mbingu ikafunga, pakavuma upepo, na badala ya maji ikateremka mvua ya mawe, mawe ya ukubwa wa kunazi, tukakimbilia banda la mbuzi. Iliponyamaza, chini kote kweupe utadhani mtu kamwaga nazi iliyokunwa. Wanangu theluji wanaijua ya kwenye katuni tu, basi wakajua ndiyo hiyo imetushukia Ibra siku ya Idi, na Rayya akanikumbatia miguu akinishukuru, kama kwamba mimi ndiye niliyeiagiza.

Mawe machache yalikuwa yameangukia lile bati la tanuri, na bati la moto, yakilia tsss na kutoa mvuke. Watoto wakapagawa.

"Baba, tulimwagie kidogo tu," Rayya akasema, "tuone linavyolia."

Nikasema konzi moja ina dhara gani, bati zito lile. Konzi ikawa kopo, kopo likawa ndoo (ndoo niliitafuta mimi, tusisingiziane, na ya tatu niliimwaga mimi mwenyewe maana nilishanogewa). Mvuke ulipotawanyika nikaona udongo wa upande mmoja umelainika na kuporomoka, na pale pametoka moshi mwembamba. Nikapiga magoti na kanzu yangu ya Idi, nikaukanda udongo, nikaziba, wanangu nao wakipapasa, nikajiambia hamna neno. Nyumbani nikamwambia mke wangu tumeteleza.

Siku ya tatu shamba likajaa watu, masinia mikononi, na Ami Nasor akaja nao wakwe zake kuwaonyesha tanuri linavyofunguliwa, wamevaa vilemba vyao, wamesimama mbele. Mifuko mitano ikatoka salama, harufu inaita mpaka wa barabarani. Wa sita ukatoka mwepesi, ukapasuka, majivu na mifupa myeusi: wangu. Wa saba, wa Ami Nasor, vilevile, maana miwili hiyo ndiyo iliyolala upande ule uliotoa moshi.

Mmoja akauliza nani aliyelifungua, na Hamed akajitokeza kifua mbele.

"Hakufungua mtu. Sisi na baba tulilimwagia barafu, ndoo tatu, likalia tsss."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nikamwambia Ami Nasor mbele za wageni wake kwamba ni mimi, anisamehe, na macho siwezi kuyainua. Aliyejibu ni mkwe mzee kuliko wote, alichutama mbele ya Hamed akamwomba amwigizie tena lile tanuri lilivyolia, Hamed akalia tsss, na yule mzee akacheka mpaka kilemba kikalegea, na watu wote nyuma yake.

Kisha, wallahi, hakuna aliyeambiwa fanya hivi. Nyumba tano zikafungua mifuko yao, huyu akakata bega, huyu mbavu, huyu paja, mpaka masinia mawili yakajaa. Mke wangu akaleta pilau, tukakaa nyumba mbili na wageni kwenye busati moja, nyama hii ina pilipili, ile ina siki, na wakwe wakasema hawajapata kula shuwa ya nyumba tano kwenye sinia moja. Mimi nilikula kwa aibu kidogo, lakini zaidi kwa shukurani, maana nilijua ningeweza kuwa nimekaa peke yangu ndani na mlango nimeufunga.

Kwenye kahawa mtu akasema, kwa upole, mwakani tanuri apewe anayejua. Ami Nasor akaweka kikombe chini.

"Mwakani atalifunga huyu huyu," akasema. "Nyinyi mkilifunga mtalala. Huyu hatalala."

Na kweli sikulala. Mwaka uliofuata nililifunga, nikaliwekea mkeka pembeni nikakaa nalo na mwavuli, mbingu nyeupe haina hata wingu, na wanangu nilikuwa nimeshawapeleka Samail kwa bibi yao mpaka mfuko wa saba utoke.