Ukuta Uliowangoja Wenyewe

Wiki iliyopita, nyumbani kwake Tabata, tulimuaga mwalimu mkuu mstaafu kabla ya mwili wake kusafirishwa kwenda kwao Iringa. Habari niliipata kwa jirani yake mwenye duka, aliyenipigia simu na kusema tu, "Mzee, mwalimu wetu hatunaye." Sikuwa ndugu yake, wala sikupata kufanya kazi chini yake. Nilimfahamu kwa wiki mbili za ukalimani, na baadaye kwa mazungumzo ya hapa na pale, lakini wiki mbili hizo zimenikalia moyoni kuliko urafiki mwingi wa miaka.

Shule aliyoiongoza wakati huo iko mbele ya Tegeta, mahali ambapo nyumba huota upesi kuliko madarasa. Watoto wa darasa la pili walisoma kwa zamu, nusu asubuhi, nusu mchana. Mwalimu alikuwa amewazoesha wazazi kukutana shuleni kila Jumamosi: mwenye nguvu alibeba mchanga, asiyeweza alipika uji. Hivyo ndivyo walivyochimba msingi wa darasa jipya na kupandisha ukuta hadi usawa wa madirisha. Ndipo ukaja ujumbe kwamba wanafunzi wa sekondari kutoka ng'ambo wangefika kujitolea kulimalizia, nami nikaombwa kuwa mkalimani wao.

Walikuwa vijana wema. Walikuja na glavu mpya na fulana za rangi moja, na kwa kuwa walifundishwa salamu moja tu ya heshima, walimwamkia "shikamoo" kila waliyemwona, hata watoto wa darasa la kwanza, ambao waliitikia "marahaba" kwa utulivu wa wazee wa baraza. Kazi ilikwenda vizuri hadi Jumamosi ya kwanza, ambapo hakutokea mzazi hata mmoja. Mwalimu akanichukua tukamfuate mama mmoja muuza vitumbua, ambaye kwa kawaida ndiye aliyetangulia kufika.

"Mwalimu, si umeleta wazungu?" alisema yule mama, macho kwenye kikaango. "Sie tuna kazi gani tena pale? Wenzetu wana glavu, mie nije na nini, mwiko?"

Tuliporudi mwalimu alikwenda moja kwa moja kwa kiongozi wa wageni, mwanamume mpole aliyekwisha kuloa jasho, akaniambia, "Mwambie leo hatujengi."

"Nimpe sababu gani, mwalimu?"

"Mwambie wenye jengo hawajafika."

Kiongozi alishangaa. Saruji ipo, maji yapo, vijana wapo, na siku zao ni chache. Mwalimu akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ninyi mtaondoka. Hawa wakishazoea kukaa nyumbani, paa nitaezekewa na nani?" Akawagawa wageni wawili wawili, kila jozi na mwanafunzi wa kuwaonyesha njia, waende kuwaita wazazi majumbani kwao, kwa maana kwetu mtu haitwi kazini kwa tangazo, huendewa.

Walirudi na watu. Yule mama alikuja akicheka, mwiko bado mkononi: "Jamani, mzungu kanipigia hodi mpaka jikoni, ananiamkia! Nitakataaje?"

Ningependa kuishia hapo, lakini haitakuwa haki. Kazi ya pamoja ilikwenda polepole, kwa chai na maongezi na kufundishana kukoroga zege, na wageni waliondoka kabla ukuta haujafika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Waliowatuma hawakuleta wengine. Watoto wa darasa la pili walisoma kwa zamu msimu mwingine mzima wa mvua, na wapo wazazi waliomwambia mwalimu usoni kwamba ana roho ngumu, kafukuza riziki ya watoto. Nilimuuliza baadaye kama alijuta. Akasema, "Kwa ajili ya wale watoto, kila mvua iliponyesha. Lakini lile si darasa la mwisho tulilokuwa tunalihitaji."

Siwalaumu vijana wanaovuka bahari kuja kubeba tofali. Moyo unaomtoa mtu kwao katika umri ule haustahili kejeli. Ninachohofia ni wema unaofika kwa haraka kiasi cha kumgeuza mwenye nyumba kuwa mtazamaji, kisha ukaondoka na kumwacha amesahau kwamba mikono anayo. Hasara ya namna hiyo haionekani siku ya kukata utepe. Huonekana bati la kwanza linapong'oka, kila mtu akiuliza wafadhili watarudi lini.

Chini ya turubai pale Tabata nilimkuta yule mama wa vitumbua, amekuja na majirani kutoka kule mbele ya Tegeta. Mwanawe wa mwisho alikwisha kumaliza shule ile zamani. Mwanamume mmoja, fundi, akamwinamia kumuuliza kwa sauti ya chini:

"Dada, Jumamosi choo cha wasichana pale shuleni tunaendelea, au tunapisha msiba?"

"Tupishe nini?" akajibu, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Unataka atuseme hukohuko alikokwenda?"

Nikaelewa kwamba mwalimu alikuwa amelijenga lile alilokusudia. Anayetaka kumjengea mwenzake, na aanze kwa kumpigia hodi.