Goti la Mzee Msengi

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu akisoma hapa anisamehe, ni ile siku Mzee Msengi aliposhindwa kuinuka kutoka kwenye mkao wa taichi mbele ya kambi nzima.

Wewe ulikuwa hujazaliwa, mwanangu. Barabara ya lami ilikuwa inajengwa huku kwetu Iramba, na kambi yetu ilikuwa karibu na Ulemo. Tulivunja mawe ambayo, nakuapia, yaliitangulia dunia. Migongo ilituuma hadi wengine wakawa wanalala wamekaa. Ndipo fundi mmoja Mchina, Bwana Lin, akatuhurumia, akaanza kutufundisha taichi kila asubuhi kabla ya kazi. Ni mazoezi ya polepole, polepole kiasi kwamba kinyonga akipita atakuambia uongeze mwendo. Unakunja magoti kidogo, unateremsha mabega, unahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule kama mtu aliyebeba ndoo ya maji na hataki limwagike tone. Na goti lielekee kule vinakoelekea vidole vya mguu. Hilo alilirudia mpaka tukaliota.

Bwana Lin akaenda likizo kwao. Uongozi wa mazoezi akamwachia nyapara wetu, Mzee Msengi, mtu mzima wa heshima zake, ambaye akikohoa hata katapila lilizimika. Mzee alikuwa na nyonga mbovu, kwa hiyo goti lake la kulia lilikuwa linaangukia ndani, na mwili unalifuata. Sasa unatujua watu wa huku. Mkubwa akitangulia, mdogo hukanyaga alipokanyaga. Haukupita muda, kambi yote ikawa imeinama upande mmoja kama shamba la uwele baada ya upepo, magoti ya kulia yote yameangukia ndani, hata ya vijana wenye nyonga nzima. Mpita njia angedhani ni ukoo mmoja.

Ingekuwa kichekesho tu, tungecheka yakaisha. Lakini goti la Mzee lilianza kuvimba. Akawa anatembelea fimbo, na jioni moja nikamsikia akisema likiendelea hivyo ataacha kazi arudi kulima vitunguu. Mimi ndiye niliyesimama nyuma yake kila siku, na kosa nililiona wazi. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, na kwa kweli nilijiona msomi wa kuweza kuisahihisha hata mvua. Lakini kumwambia Mzee, hapo elimu yote iliniishia kooni.

Kwetu, neno zito kwa mkubwa hupitia kwa mtani. Nikamwendea Mama Zena, mpishi wetu wa kambi, ambaye dada yake ameolewa na Mzee. Shemeji ana ruhusa ya kusema ambalo wengine tunalimeza. Asubuhi iliyofuata akaja mstarini na mwiko mkononi.

"Shemeji, mbona unakaa kama kuku anayetafuta pa kutagia? Dada yangu anajua?"

"Mwambie dada yako yai likitoka nitampelekea," Mzee akajibu bila kugeuka.

Tulicheka mpaka mawe yakatoa machozi. Mzee akacheka kuliko wote, halafu akakaa vilevile. Utani ulikuwa mtamu, ila haukuliambia goti liende wapi. Tulipofika kwenye mkao wa chini, goti likamkatalia. Akabaki palepale, jasho linamtoka na baridi yote ile, na sisi nyuma yake tukabaki chini pamoja naye, tukidhani ni sehemu ya zoezi.

Nikatoka kwenye mstari, nikamshika mkono, nikamkalisha juu ya jiwe. Wenzangu walipokwenda kazini nikamwambia, "Mzee, naomba nikuonyeshe kitu kwenye goti langu mwenyewe." Nikakaa kama anavyokaa yeye, goti ndani. Kisha nikalifungua taratibu mpaka likaelekea vidoleni.

Alilitazama goti langu, kisha lake. "Umeliona hili tangu lini?"

"Tangu Bwana Lin aondoke, Mzee."

"Kila asubuhi shikamoo Mzee, shikamoo Mzee. Na goti langu unaliangalia tu linakwisha." Akachukua fimbo yake. "Heshima ya namna hiyo, kijana, kampe adui yako."

Hakuinua sauti. Afadhali angenichapa kwa ile fimbo, ningekuwa nimeshapona.

Uvimbe ulipopungua, Mzee alirudi mstarini na kutugeukia. "Huyu kijana ameniambia goti langu linaangukia ndani, na ni kweli. Ninyi wengine mliliona mkanyamaza, tena mkaliiga. Kuanzia leo, hapo anaposimama nyuma yangu, likianguka atasema kwa sauti." Halafu akanitazama. "Na wewe, kwa kuwa tumeanza kuambiana. Bega lako la kushoto limepanda hadi sikioni, kama mtu aliyebana simu."

Kambi ikaangua kicheko. Mwanangu, mimi nilikuwa najua kwamba taichi ilizaliwa Uchina ikaja kukamilikia kwangu. Mdomo ulikwishajaa majibu: shati linabana, nimelala vibaya, kwani wewe mwenyewe. Lakini nikamwona yule mzee amesimama mbele ya watu anaowatuma, kosa lake ameshalikubali. Nikateremsha bega. "Asante, Mzee," nikasema, na pumzi iliyoingia kifuani hapo ingeweza kupuliza mafiga ya wilaya nzima.

Bwana Lin aliporudi, alipita akimsukuma kila mmoja kifuani kwa kiganja, apime kama amesimama imara. Akamsukuma Mzee Msengi. Mzee hakutikisika. Akasukuma tena, na aliyerudi nyuma ni Bwana Lin. Mzee alibaki nyapara wetu mpaka lami ikakamilika, na kwa miguu ile alicheza ngoma kwenye harusi za wajukuu zake. Cheti changu cha kidato cha nne nakipenda, lakini kusimama nyuma ya mtu yule ndiko ninakojivunia.

Nakuambia haya kwa sababu juzi, hapa Kiomboi tunapofanyia mazoezi haya ya taichi, mmoja wenu vijana alipigwa picha kiuno kikiwa kimepinda, ikatupwa kwenye kundi la simu, wenzake wakammwagia vicheko. Amejitoa, haji tena. Mwanangu, aliyecheka hajarekebisha kitu. Ukimwona mwenzako amekosea, mfuate, mtajie kiungo chenyewe, mwonyeshe kielekee wapi, na uanzie kwenye mwili wako ili asijione peke yake. Ukiambiwa wewe, meza majibu kwanza, teremsha bega, kisha uone kama pumzi haitaingia. Nyani haoni kundule, na wala si kosa lake, macho yamewekwa mbele. Ndiyo maana tunasimama kwa mistari. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami, kwa ruhusa yao, naongeza: mkuu asiyeambiwa na mdogo naye huvunjika lake.

Kwa hiyo mfuate yule mwenzenu nyumbani kwao, mrudishe. Mungu akunyooshe mgongo, akupe watu wanaokupenda kiasi cha kukuambia ukweli, nawe akupe sikio la kuupokea. Uzeeke ukiwa umesimama.