Steringi Aliyesamehe

Kila jicho lilipotobolewa, mzee alitaka kuambiwa ni la kushoto au la kulia. Nikisema tu kwamba mtu ametobolewa jicho, alipiga mkono wa kiti na kuuliza, "Gani? Sema vizuri." Basi nilisema vizuri. Nilimwambia ni la kushoto, kwa bisibisi, na damu imeruka mpaka kwenye pazia, naye akashusha pumzi na kuegemea nyuma. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, na hakuna kitu kingine duniani kilichomtuliza hivyo.

Kazi niliyoajiriwa kuifanya haikuwa hiyo. Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani. Wakati ule nilitoka Thamesmead kwa basi moja na treni mbili mpaka Kingsbury, upande wa pili wa London, kumhudumia mzee huyu wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru. Kampuni ilinipa dakika arobaini na tano kila adhuhuri, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nilimpa dawa, nikamwosha miguu na kuikagua kama ina vidonda, nikampashia moto chakula alichokiacha binti yake asubuhi, kisha nikabonyeza kwenye simu kwamba kila kitu kimefanyika. Nikiwa na mkono mwepesi nilibakiza dakika ishirini, na hizo ndizo zilikuwa za picha.

Picha ndilo jina alilolijua yeye kwa filamu, na alitaka za namna moja tu. Za Korea, mara mojamoja za Japani au Hong Kong, zile za mtu aliyedhulumiwa akapotea miaka, halafu akarudi na panga. Alizianza zamani na marehemu mke wake, ambaye eti alikuwa anafunika uso na kitambaa na bado anauliza nani amekufa. Sasa kisukari kilikuwa kimemla macho. Aliona mwanga na vivuli vinavyokimbizana, ila maandishi ya Kiingereza chini ya skrini hakuyaona kabisa. Zile zilizotiwa sauti za Kiingereza hakuzitaka. Alisema muuaji anaongea kama mtu wa kutangaza mvua.

Siku ya kwanza aliniambia nimsomee maandishi. Nikasoma kama msomaji wa risala, mstari kwa mstari, mpaka jambazi mmoja akaingia na shoka na mdomo ukaniponyoka. Nilikulia mtaa wenye kibanda cha video. Dijei alikuwa anakaa pembeni na kipaza sauti akitutafsiria filamu za Kichina na Kikorea, akiwapa wale watu majina ya wachuuzi wa mtaani kwetu na kuwatia maneno ambayo hawakuyasema. Nikajikuta ninasema, "Haya, steringi kaamka, leo kuna mtu atakula jeuri yake mbichi." Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Hii iko sawa," akasema. "Kesho tena sema hii, hapana soma."

Tangu siku hiyo nikawa dijei wake. Msije mkadhani tukawa marafiki.

Wiki ileile ya kwanza nilikuwa nimemaliza kumkorogea chai, nikachukua kikombe cha pili kabatini nijimiminie kidogo. Macho hayakuona, lakini masikio yake yalijua kila mlango wa jikoni mle. "Hapana ile," akasema kutoka sebuleni. "Yako iko chini ya sinki." Nikainama. Kilikuwepo, kikombe cha bati kilichochunika rangi, pembeni ya dawa ya kusugulia choo.

Mama yangu alifua na kupika kwenye nyumba ya Wahindi, Kisumu, kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa na kikombe chake na sahani yake, vinakaa dirishani kwa nje, na jioni alitusimulia kama mzaha, nasi tulicheka kwa sababu yeye alicheka. Mimi nilisoma, nikavuka bahari, nikatafuta makaratasi mpaka nikazeeka kabla ya siku zangu, nikaapa kwamba mambo ya dirishani yaliishia kwa mama. Kumbe kikombe kilikuwa kimetangulia London kunisubiri. Nilimchukia mzee yule nikiwa bado nimeinama.

Ningeweza kumshtaki kwa kampuni. Wangeniuliza maswali kwa upole, wangempelekea mhudumu mwingine, na mimi wangenipa mzee wa mbali zaidi. Sikutaka kuondolewa. Nilitaka anitake radhi, au kama hawezi, basi aumie. Chai yake sikuionja, si siku ile wala siku nyingine, na yeye hakuniuliza kwa nini.

Ilinichukua muda kujua pa kumgusa. Mwenyewe alinionyesha, siku moja miguu yake ikiwa ndani ya karai. Alikuwa na ndugu, mkubwa kwake, na duka la vitambaa walilorithi kwa baba yao pale Nakuru. Yeye akalazwa hospitali na homa ya matumbo. Ndugu akaja kitandani na karatasi, akamshika kidole gumba kilichokuwa kinawaka homa, akakibonyeza kwenye wino. Alipotoka hospitali alikuta duka limebadilishwa jina na mlangoni amewekwa askari wa kumzuia. Ndugu huyo yupo hai, yuko Leicester, nchi hiihii, ana wajukuu na nyumba ya vyumba sita. Hawajazungumza tangu siku hiyo ya mlangoni.

"Hapa dunia hakuna mtu nalipa," akaniambia. "Kwa picha iko. Kwa picha kila mtu nalipa. Mimi nangoja hiyo tu."

Nikamkausha vidole kimoja kimoja, taratibu, kama tulivyofundishwa. Nikajua nimepata.

Kibandani tulikuwa na msemo kwamba steringi, yaani shujaa wa picha, hauawi. Mimi nilianza kuwaua. Kwenye skrini steringi anamkaba adui kwa mnyororo, mimi mdomoni nasema mnyororo umekatika, adui amegeuka, lo, steringi kachomwa kisu cha ubavu. Kelele za kufa ni zilezile kwa kila mtu, kwa hiyo mzee hakuwa na la kubisha. Aliuliza, "Kweli? Amekufa kweli?" Nikamwambia kweli, mzee, ndiyo hivyo, adui anapanda gari anaondoka zake. Akasukuma pembeni sahani ya chakula alichokuwa hajakimaliza.

Zilizofuata nikawa nachagua. Moja namwachia steringi alipize vizuri, mzee ashibe, apate moyo. Mbili namharibia. Adui mmoja nilimpeleka ufukweni na mkewe mpya. Mwingine nilimfanya mbunge. Binti yake, mwanamke mpole aliyezoea kunipigia Ijumaa kuulizia hali, akaniambia kwa Kiingereza chake cha upole kwamba babake harudishi tena sahani tupu, je, nimeona dalili yoyote? Nikamwambia ni umri. Nilikuwa nimekaa ndani ya basi, na nakumbuka niliona raha. Siwezi kusema niliona kitu kingine.

Halafu nikampatia ile filamu ya ndugu wawili. Sikuipata kwa bahati, niliitafuta kwenye simu siku tatu usiku kucha mpaka nikaiona. Ndugu wawili wa Kikorea wana mgahawa wa supu. Mkubwa anasaini ushahidi wa uongo kwa kidole gumba, mdogo anafungwa miaka kumi na minne. Anatoka na kisu cha kukatia mifupa.

Tuliianza Jumanne. Nilimsimulia kwa uaminifu kabisa, na nasema bila kujisifu kwamba sijawahi kusimulia vile. Wakili aliyekula rushwa alikatwa masikio, nikamwambia la kulia ndilo lililotangulia. Shahidi wa pili alitumbukizwa kwenye sufuria ya mafuta, uso kwanza, nikamhesabia mapovu. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono imeshika magoti, analia bila kupangusa. Aliacha kuniita wewe. Jumatano nzima aliniita mama.

Ijumaa steringi aliwamaliza walinzi wote ngazi kwa ngazi, akafungua mlango wa juu, akamkuta kaka yake yuko peke yake mezani, mbele yake bakuli la supu linatoa moshi. Akavuta kiti akaketi. Akaweka kisu mezani katikati yao.

Nikazima televisheni.

"Muda umeisha, mzee," nikasema.

"Dakika moja. Moja tu."

"Kampuni inahesabu."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Nilikwenda jikoni nikavuta kiti, nikamenya ndizi yangu, nikaila nikimsikiliza anavyoniita. Aliita mama. Baadaye akaita aya, kama alivyowaita wafanyakazi wa kwao Nakuru. Baadaye akaita tu bila neno. Muda ulipotimia nikabonyeza simu, nikachukua koti, nikamwambia tutaonana Jumatatu.

Nyumbani niliitazama mwenyewe mpaka mwisho. Yule mdogo anakata kidole gumba cha kaka yake, anakitia kwenye bakuli, anamlisha supu hiyo kijiko kwa kijiko mpaka inakwisha, na kaka anameza. Ulikuwa mwisho ambao mzee aliungoja tangu Nakuru, nami nilikuwa nao mkononi peke yangu.

Jumamosi moyo wake ukalegea, wakamlaza hospitali. Niliambiwa Jumapili, nikiwa sokoni Woolwich nachagua mihogo. Aliyenipigia simu alikuwa binti yake. Alisema babake amewekewa mipira ya hewa puani, hali si nzuri, lakini tangu asubuhi anauliza jambo moja tu na yeye haelewi. Anataka kujua kulitokea nini mezani. Je, mimi naelewa? Anaweza kumwekea simu sikioni?

Nikamwambia aiweke. Nilisimama kati ya meza ya mihogo na meza ya samaki, kidole kimoja nimezibia sikio la pili.

"Mama," mzee akasema. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. "Yeye nafanya nini sasa?"

Nilikuwa na nafasi ya kumpa. Maneno mawili matatu yangetosha, nami niliyajua, na moyo wangu kwa kweli haukusitasita hata kidogo.

"Amemsamehe," nikasema.

Mashine ilikuwa inalia nyuma yake.

"Samehe? Kwa nini samehe?"

Hapo udijei ukanipanda, maana mtu akianza uongo kwa ufundi hapendi kuuacha uchi. Nikamwambia steringi alimtazama kaka yake akaona amezeeka, mikono inamtetemeka, akasukuma kisu kikaanguka chini. Nikamwambia kaka aliinuka akazunguka meza, akaanguka magotini, akamkumbatia mdogo wake akilia, akisema kwamba miaka yote hiyo alikuwa anangoja tu aitwe. Wakala supu pamoja. Muziki. Mwisho.

"Yule mkubwa nalia?" mzee akauliza.

"Analia sana, mzee."

Akashukuru. Nilikata simu, nikanunua mihogo yangu, na njia nzima nilijiambia kwamba sasa tumelingana, yeye na mimi na mama yangu. Nilijua hakuna kitu alichokidharau kama msamaha. Nilidhani nimemharibia picha yake ya mwisho, basi.

Kampuni ilinitumia ujumbe Alhamisi kwamba nimepangiwa nyumba nyingine. Wiki tatu baadaye binti yake akanipigia. Mazishi yalikwisha, alikuwa anapanga vitu vya babake, akaona lazima anishukuru. Nilitaka kumkatiza lakini alikuwa na haja ya kusema.

Alisema baada ya ile simu yangu babake aliomba apigiwe Leicester. Watoto wake walikuwa hawajawahi hata kumsikia akilitaja jina la ndugu huyo. Wakatafuta namba, wakamwekea sikioni. Babake alisema kwa Kigujarati kwamba ameyaacha yote, hana kisu, aje wale pamoja. Ndugu yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ni nani anayezungumza, akaambiwa, akasema yeye hana ndugu, akakata.

"Baba hakuamini," binti akasema. "Alituambia tupige tena, mtu huyo amekasirika tu, anangoja kuitwa. Tukapiga. Alikuwa ameifungia namba yetu. Tukatumia simu ya nesi, akaifungia. Siku nne, kila akiamka alisema piga, yule analia upande wa pili, mimi najua analia. Alikufa tunatafuta simu nyingine."

Nilikaa kwenye ngazi za nje ya nyumba niliyokuwa nakwenda kuhudumia. Nilimtaka aumie, na sikuwahi hata siku moja kumtaka aumie kiasi hicho, lakini hilo si neno unaloweza kumwambia mtoto wa marehemu kwa simu.

Akasema hata hivyo anashukuru, kwa sababu babake alikufa si mtu yule waliyemjua, alikufa mtu mwema zaidi. Anataka Jumapili hii waketi familia nzima, na watoto, waitazame filamu hiyo kwa kumkumbuka, hasa pale mwisho anaposamehe. Akaniomba jina la filamu.

Ningeweza kusema nimesahau. Nikamtajia jina, herufi kwa herufi, naye akaliandika.